Kompyuta Mpakato Inayokesha: Jinsi ya Kumpata Anayeizuia Kulala

Umefunga kifuniko cha kompyuta mpakato ukiamini kwamba imelala, ukaitia mkobani, na saa mbili baadaye unapoitoa unaikuta ina joto la kuunguza kiganja, feni inavuma, na betri iliyokuwa imejaa imeshuka hadi theluthi. Au huenda shida yako ni ya namna nyingine: umeiacha mezani, skrini imezimika kwa wakati wake, lakini taa ya kuonyesha kwamba mashine iko macho imebaki vilevile, na asubuhi unaikuta kama ulivyoiacha. Katika hali zote mbili watu wengi hukimbilia mipangilio ya umeme, wakageuza dakika 15 kuwa 5, wakawasha hiki na kuzima kile, na mwishowe wakabaki na shida ileile pamoja na mipangilio ambayo hawakumbuki ilikuwaje mwanzo.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Kompyuta haikatai kulala kwa ukaidi. Karibu kila mara kuna programu, draiva (yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa fulani) au kifaa kilichoiomba ikeshe, na mara nyingi mfumo endeshi, yaani Windows, macOS au Linux, unalijua ombi hilo na uko tayari kukutajia aliyelileta. Kwa hiyo tutaiuliza mashine kwanza, na kugusa mipangilio baadaye. Andaa kalamu na karatasi, kwa sababu kila badiliko utakalolifanya unapaswa kuliandika kabla ya kufanya jingine.

Ujue mashine yako hulala usingizi gani

Neno kulala, kwa kompyuta, lina maana zaidi ya moja. Mwezi wa Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni ziitwazo ACPI, ambazo zilimkabidhi mfumo endeshi jukumu la kusimamia umeme na kuzipa ngazi za usingizi majina yanayotumika hadi leo. S3 ndio usingizi wa mashine nyingi za zamani: prosesa, skrini, diski na feni hukatiwa umeme, na kinachoendelea kulishwa ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo ndiyo iliyoshika kazi yako. S4 ni usingizi mzito, ule unaoandikwa Hibernate kwenye menyu za Windows. Kila kilichomo kwenye RAM huhamishiwa kwenye diski, kisha mashine huzimika kabisa, kiasi kwamba hata betri ikiisha hupotezi kitu. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zimeiacha S3 na kushika usingizi mwepesi ambao Windows huuorodhesha chini ya S0: skrini huzimika na prosesa hupunguza matumizi hadi kidogo sana, lakini mashine yenyewe haijazimika, na huweza kuendelea kupokea barua pepe kama simu iliyo mfukoni.

Tofauti hii si ya kitabuni tu. Mwenye S3 akiona feni inazunguka anajua mara moja kwamba mashine haijalala, ilhali mwenye S0 anaweza kuwa na mashine iliyolala vizuri ambayo bado inaamka kidogo kila baada ya muda kufanya shughuli zake.

Kwenye Windows, andika `cmd` katika menyu ya Start, bofya kitufe cha kulia juu ya jina linalotokea, na uchague kuifungua kama msimamizi. Katika dirisha jeusi litakalofunguka andika `powercfg /a`. Utapata orodha mbili: ya juu ni ya ngazi za usingizi ambazo mashine yako inazo, na ya chini ni ya zile isizoziweza, kila moja ikiwa na sababu yake. Kwenye Linux, amri ya `cat /sys/power/mem_sleep` hukuonyesha maneno kama `s2idle [deep]`. Lililo ndani ya mabano ndilo linalotumika, `deep` ikiwa ni S3 na `s2idle` ikiwa ni usingizi mwepesi.

Isome orodha ya chini ya Windows kwa utulivu ikiwa shida yako ni kwamba neno Sleep limetoweka kabisa kwenye menyu ya kuzimia. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba sehemu ya ndani ya mfumo ndiyo iliyouzuia usingizi, na chini yake limetajwa neno la michoro. Maana yake ni kwamba kompyuta inaendeshwa na draiva ya skrini ya dharura inayokuja na Windows yenyewe, ambayo inaweza kuonyesha picha lakini haijui kuilaza kadi ya michoro wala kuiamsha. Hali hii huwapata sana waliotoka kusakinisha Windows upya. Pakua draiva ya michoro kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta yako, isakinishe, uanzishe mashine upya, na neno Sleep litarudi lenyewe. Huna haja ya kuendelea na hatua zinazofuata.

Itambue shida kwa jaribio la dakika tano

Hifadhi kazi zako, funga kila kitu, kisha ilaze kompyuta kwa mkono kupitia menyu, bila kutegemea kifuniko wala muda. Itazame ukiwa na saa.

Ikilala na kubaki imelala, basi uwezo wa kulala inao, na kinachokosekana ni ule wakati wa kuanza kusinzia yenyewe: kuna kitu kinachoiambia kwamba bado inatumika. Ikizima skrini kisha feni ikaendelea kuvuma, au skrini ikarudi baada ya sekunde chache bila wewe kugusa chochote, kuna draiva au programu iliyoshindwa kutulia ilipoamriwa. Ikilala barabara, kisha ukaikuta macho baada ya nusu saa, hiyo imelala na kuamshwa, na hapo anayetafutwa ni mwamshaji. Watu huzichanganya shida hizi tatu, na ndiyo maana ushauri uliomponya mmoja humwacha mwingine palepale.

Rudia jaribio hilohilo kwa kufunga kifuniko. Ikiwa menyu inailaza na kifuniko hakiilazi, ruka hadi sehemu inayozungumzia kifuniko.

Iulize ni nani aliyeiomba ikeshe

Rudi kwenye dirisha la amri la msimamizi na uandike `powercfg /requests`. Windows itakuorodheshea mafungu yenye majina kama DISPLAY, SYSTEM, AWAYMODE na EXECUTION, na chini ya kila fungu ama litakuwapo neno None, yaani hakuna ombi, ama jina la mwombaji. Fungu la DISPLAY ni la wanaotaka skrini isizimike, na SYSTEM ni la wanaotaka mashine isilale. Programu za video kwa kawaida huomba yote mawili. Kabla ya jina utaona alama ya [PROCESS] ikiwa ni programu, [DRIVER] ikiwa ni draiva, au [SERVICE] ikiwa ni huduma inayoendeshwa chinichini.

Mshitakiwa wa kwanza, kwa uzoefu wangu, ni sauti. Chini ya SYSTEM hutajwa draiva ya kadi ya sauti pamoja na maelezo kwamba kuna mkondo wa sauti unaotumika, na mwenye kompyuta huapa kwamba hakuna muziki unaopigwa. Huenda ni kweli kwamba hasikii kitu. Kivinjari chenye vichupo 20 huwa na kimoja kilichosahaulika, chenye video iliyosimamishwa katikati au tangazo lililonyamazishwa, na baadhi ya kurasa huushikilia mkondo wa sauti hata pale ambapo hakuna kinachosikika. Funga vichupo kimoja kimoja, ukirudia amri kila mara, na utaona mstari ule ukitoweka mbele ya macho yako pindi unapofunga kile chenye kosa. Mstari ukibaki hata baada ya kukifunga kivinjari chote, angalia programu za mikutano na za kurekodi, kisha chomoa spika au maikrofoni ya USB.

Ukiona jina `srvnet`, ujue kwamba kuna kompyuta au runinga nyingine kwenye mtandao wako iliyofungua mafaili uliyoyashiriki. Kata ushirika huo au kizime kifaa cha upande wa pili. Yapo pia mazingira ambapo foleni ya printa yenye hati iliyokwama huiweka mashine macho, na dawa yake ni kuifuta hati hiyo.

Tatizo la amri hii ni kwamba huonyesha maombi ya dakika ileile tu. Unapoiandika, huenda mwombaji ametulia, na akaamka ukiondoka. Ili umnase usipokuwapo, andika mstari huu katika dirisha la amri kisha uondoke bila kugusa kitu:

`timeout /t 1200 /nobreak & powercfg /requests > %USERPROFILE%\maombi.txt`

Kompyuta itasubiri sekunde 1200, yaani dakika 20, kisha itaandika orodha ya maombi katika faili liitwalo maombi.txt ndani ya folda yako. Kama umeipangia kulala baada ya dakika 15 na faili hilo limeandikwa kwa wakati, basi haikulala, na jina la aliyeizuia lina nafasi kubwa ya kuwamo humo.

Ukishalijua jina, dawa bora ni kwenda kwenye programu yenyewe: ifunge, isasishe, au tafuta ndani ya mipangilio yake kipengele cha kuizuia kompyuta isilale na ukizime. Ipo njia ya mkato ya kuiamuru Windows ipuuze ombi la programu fulani, kwa kuandika `powercfg /requestsoverride PROCESS jina.exe SYSTEM`, ambapo badala ya jina.exe unaweka jina halisi lililoonekana kwenye orodha. Ukiandika amri hiyohiyo bila neno SYSTEM la mwisho, unaifuta. Mimi huiweka njia hii mwisho kabisa, kwa sababu programu ya kutunza nakala za mafaili, kwa mfano, huomba mashine ikeshe kwa sababu nzuri, na ukiipuuza unaweza kugundua miezi baadaye kwamba nakala zako zote ziliishia katikati.

Watumiaji wa Mac wafungue programu ya Terminal na waandike `pmset -g assertions`. Mstari wa `PreventUserIdleSystemSleep` ukiwa na namba 1, kuna anayezuia, na majina yameorodheshwa chini yake. Asiyependa kuandika amri afungue Activity Monitor, aende kwenye kichupo cha Energy, na atazame safu inayoonyesha programu zinazozuia usingizi. Jina la `coreaudiod` likitokea, ni habari ileile ya sauti.

Kwenye Linux nyingi, amri ni `systemd-inhibit --list`. Safu ya mwisho ndiyo ya kutazama: neno `block` humaanisha kuzuia, na `delay` humaanisha kuomba sekunde chache za kujiandaa. Usiisumbue NetworkManager ukiiona na `delay`; ipo hapo siku zote, na haina kosa.

Orodha ikiwa tupu na mashine bado inakesha

Hapa shaka ihamie kwenye vidole visivyoonekana. Mfumo endeshi huhesabu muda wa kutotumika kuanzia mara ya mwisho ulipoguswa, na hauna namna ya kujua kama aliyegusa ni mtu au ni kipanya kilicholala vibaya. Niliwahi kuhangaika siku kadhaa na kompyuta yangu, nikisoma ripoti na kubadilisha draiva, hadi nilipoinamia skrini kwa karibu na kuona mshale ukitetemeka, nukta moja kulia, nukta moja kushoto, huku mkono wangu uko mapajani. Kipanya changu cha mwanga kilikuwa kimekaa juu ya meza inayong’aa, na miale yake ilikuwa ikiakisiwa ovyo. Karatasi moja chini yake ilimaliza kesi. Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa mtu mwenye shida hii ni kama ameutazama mshale kwa dakika moja bila kugusa kitu.

Chomoa, basi, kila kilichochomekwa: kipanya, kibodi ya nje, kidhibiti cha michezo, diski, kamera, kituo cha kuunganishia vifaa. Vidhibiti vya michezo vilivyochakaa ni watundu wa pekee, kwa kuwa kijiti kisichorudi katikati sawasawa hutuma ishara mfululizo. Iache kompyuta peke yake kwa muda unaozidi kidogo ule uliopanga. Ikilala, rudisha vifaa kimoja kimoja, kila kimoja na jaribio lake. Ni kazi ya kuchosha, lakini haihitaji ujuzi wowote na haikosei.

Ndipo sasa uiguse mipangilio. Kumbuka kwamba Windows huweka muda mmoja kwa mashine iliyo kwenye chaja na mwingine kwa iliyo kwenye betri, na mtu aliyebadilisha mmoja hudhani amebadilisha yote miwili. Katika mipangilio ya kina ya umeme, pale kipengele hicho kinapoonekana, kuna sehemu ya midia yenye chaguo la kuzuia usingizi wakati wa kushiriki midia. Irudishe kwenye kuruhusu kompyuta ilale. Ikiwa mipangilio imevurugwa kiasi cha kutojulikana, `powercfg -restoredefaultschemes` huirejesha kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na kufuta mipango yote uliyoitengeneza mwenyewe.

Kifuniko

Kufunga kifuniko hakulazi kompyuta moja kwa moja. Kifuniko kina sumaku ndogo, na upande wa kibodi kuna kihisi kinachoijua sumaku hiyo ikikaribia. Kihisi hutoa taarifa tu, na mfumo endeshi ndio unaoamua la kufanya. Kwa hiyo shida inaweza kuwa kwenye uamuzi au kwenye taarifa.

Anza na uamuzi, maana ndio rahisi. Kwenye Windows, tafuta mahali pa kuchagua kitendo cha kufunga kifuniko, na uhakikishe kwamba hakikuwekwa kutofanya chochote, tena kwa chaja na kwa betri. Mac iliyo kwenye chaja na iliyounganishwa na skrini ya nje, kibodi na kipanya, hubaki macho kifuniko kikifungwa, na hilo si kosa. Imeundwa hivyo ili utumie skrini kubwa. Linux yenye systemd, ile programu inayosimamia huduma za mfumo, nayo hukipuuza kifuniko pale inapoona skrini zaidi ya moja au kituo cha kuunganishia, na anayetaka vinginevyo abadilishe mstari wa `HandleLidSwitchDocked` katika faili la `/etc/systemd/logind.conf` kutoka `ignore` kuwa `suspend`. Aliyesahau kuchomoa kebo ya skrini atatafuta kosa ambalo halipo.

Taarifa hujaribiwa kwa namna hii: weka kitendo cha kifuniko kiwe kulala, kishushe taratibu huku ukichungulia kwa pembeni, na uone kama skrini inazimika kikifika karibu kufunga. Kwenye Linux unaweza kuusoma moyo wa kihisi kwa kuandika `sleep 10; cat /proc/acpi/button/lid/*/state` kisha kukifunga kifuniko kabla ya sekunde 10 kuisha na kukifungua baadaye; uzime kwanza kitendo cha kulala ili jaribio likamilike. Kama jibu ni `open` hali kifuniko kilikuwa kimefungwa, kihisi au sumaku yake imekufa. Fundi anaweza kuibadilisha, au unaweza tu kujizoesha kuilaza mashine kwa kitufe cha kuwashia, ambacho nacho hupangiwa kazi katika mipangilio ileile.

Inapozima skrini na kugoma hapo

Hii ndiyo sehemu ngumu, kwa kuwa mashine imeikubali amri lakini mmoja wa waliomo ndani amekataa kuitii. Linux husimulia kisa hiki vizuri kuliko nyingine. Kabla ya kulala, kiini cha mfumo huzigandisha programu zote, na kama ipo isiyoganda, husubiri sekunde 20, kisha huahirisha usingizi wote na kuandika jina lake. Andika `journalctl -b -k` baada ya jaribio lililoshindwa, na utafute karibu na mwisho mstari unaosema kwamba ugandishaji umeshindwa baada ya sekunde 20. Anayetajwa mara nyingi ni programu iliyokuwa ikisoma folda ya seva ya mbali ambayo haipatikani tena. Haiwezi kuganda kwa sababu bado inasubiri jibu lisilokuja. Ikate folda hiyo, na mashine italala.

Kwenye Windows, andika `powercfg /energy` huku programu zote zikiwa zimefungwa. Itaitazama mashine kwa sekunde 60 na kuandika ripoti iitwayo energy-report.html katika folda ambamo amri ilitolewa. Usitishwe na urefu wake. Soma makosa kwanza, uachane na maonyo mengi yanayofuata, na upe uzito wa pekee makosa yanayotaja kifaa cha USB kisichoingia katika hali ya kupumzika, maana jina la kifaa limeandikwa humo.

Baadaye zisasishe draiva za michoro, mtandao na diski kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, na pia programu ya ubao mama, yaani BIOS, ukiwa umechomeka chaja na betri ina chaji ya kutosha, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mashine inaweza isiwake tena. Kama shida ilianza mara baada ya sasisho fulani la draiva, fanya kinyume chake na uirudishe draiva ya awali.

Utaambiwa na wengi ujaribu kulala ukiwa katika hali salama ya Windows. Mimi siupendi ushauri huo: hali salama hutumia ile draiva ya skrini ya dharura niliyoitaja mwanzoni, na kwa hiyo usingizi mara nyingi haupatikani humo hata kwenye mashine nzima. Jaribio lenye maana ni kuwasha kwa huduma chache. Andika `msconfig`, nenda kwenye kichupo cha huduma, weka alama ya kuzificha zile za Microsoft, kisha uzime nusu ya zilizobaki na kuanzisha upya. Ikilala, mkosaji yumo kwenye nusu uliyoizima. Isipolala, yumo kwenye nyingine. Gawanya nusu hiyo tena, na tena. Huduma 32 humalizika kwa kuwasha mara tano.

Inapolala kisha ikaamka

Ukiikuta macho, usianze kufungua programu. Andika kwanza `powercfg /lastwake`, ambayo hutaja kifaa kilichoiamsha mara ya mwisho. Wakati mwingine jibu huwa tupu. Hapo fungua Event Viewer, katika kumbukumbu za System, na utafute tukio namba 1 la chanzo kiitwacho Power-Troubleshooter, ambalo huandika saa ya kulala, saa ya kuamka, na mara nyingi sababu.

Ratiba huonekana kwa `powercfg /waketimers`. Kama ni programu ya masasisho iliyojipangia saa nane za usiku, zima ruhusa ya saa za kuamshia katika mipangilio ya kina. Vifaa vyenye haki ya kuamsha huorodheshwa na `powercfg /devicequery wake_armed`, na ukitaka kukinyang’anya kimojawapo haki hiyo, andika `powercfg /devicedisablewake` ukifuatiwa na jina lake ndani ya alama za kunukuu, kama lilivyoandikwa kwenye orodha. Kadi ya mtandao ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kama unahitaji kuiamsha kompyuta ukiwa mbali, usiinyang’anye kabisa, bali ifungue katika Device Manager, kwenye kichupo cha usimamizi wa umeme, na uiruhusu iamke kwa ujumbe maalumu wa mtandao tu, siyo kwa kila kelele inayopita.

Kwenye Linux orodha iko katika `/proc/acpi/wakeup`, na ukiandika `echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup`, ukiweka jina linaloonekana kwako badala ya XHC, hali ya kifaa hicho hugeuzwa hadi utakapoanzisha mashine upya. Kwenye Mac soma `pmset -g log`, kisha uangalie kama kipengele cha kuamka kwa ajili ya mtandao kimewashwa.

Kwa wenye usingizi mwepesi wa S0

Kama `powercfg /a` ilikuonyesha S0, kifaa chako muhimu kuliko vyote ni `powercfg /sleepstudy`. Ripoti yake huonyesha kila kipindi cha usingizi cha siku 3 zilizopita, muda wake, chaji iliyotumika, na majina ya waliotumia nguvu nyingi zaidi. Kipindi cha saa sita ambacho mashine ilitulia kwa sehemu ndogo tu ya muda kina mkosaji aliyetajwa papo hapo, na mara nyingi ni kadi ya mtandao au kifaa cha sauti, ambacho hutibiwa kwa draiva mpya.

Hata hivyo, kompyuta ya S0 inayosafiri mkobani siishauri iachiwe usingizi mwepesi, hata ikiwa nzima. Joto lililofungiwa kwenye mkoba halina pa kutokea. Washa usingizi mzito kwa `powercfg /h on`, kisha upange kifuniko kitumie Hibernate badala ya Sleep. Utaongeza sekunde chache za kusubiri unapoiwasha, na faili la hiberfil.sys litachukua gigabaiti kadhaa za diski.

Mwisho, ithibitishe tiba. Andika asilimia ya betri, chomoa chaja, ilaze mashine kwa njia ileile iliyokuwa ikishindwa, na uiache saa nzima ikiwa mezani, si mkobani. Unapoiamsha, linganisha asilimia, gusa upande wa chini kwa kiganja, kisha utafute katika Event Viewer jozi ya matukio: namba 42 la Kernel-Power linaloonyesha saa ya kuingia usingizini, na namba 1 la Power-Troubleshooter linaloonyesha saa uliyoiamsha wewe. Wenye S0 watafute namba 506 na 507. Saa hizo mbili zikilingana na ulizoziandika kwenye karatasi, na katikati yake hakuna jozi nyingine, ilikuwa imelala.